Viazi vya kuoka na chizi na vitunguu vya rangi ya asali, kwa jiko la mkaa tu (Kigoma)

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Habari zenu wapendwa. Naweka uzi wa jikoni leo maana nimeelezea hiki kitu nikiwa nimesimama juani mpaka sauti imekauka. Tangu ile sherehe ya kipaimara hapa mtaani kwetu mwezi uliopita kila nikipita soko la Mwanga kuna mtu ananishika mkono, mama vile viazi uliweka nini, na mimi nina kikapu cha samaki na jua linawaka, siwezi kueleza nikamaliza. Kwa hiyo naandika yote hapa, anayetaka asome.

Ni viazi mviringo vimekatwa slesi, vimepangwa kwenye sufuria pamoja na vitunguu maji vilivyopikwa polepole mpaka vikawa rangi ya asali, vikamwagiwa sosi ya maziwa, juu ikaja chizi, vikaokwa. Chakula chenyewe asili yake ni kwa Wafaransa, wana familia nzima ya vyakula hivi wanaviita gratin, na ile ya viazi na maziwa ya upande wa Dauphiné imeandikwa tangu mwaka 1788, ilipakuliwa kwenye karamu mji unaitwa Gap. Ile ya kwao ya zamani hata chizi haina, chizi wameongeza watu baadaye. Wao wanasindikizia nyama. Mi nasindikizia migebuka ya kukaanga, wale samaki wa ziwa letu, na naomba mniamini kwenye hili, mgebuka umetoka kwenye mafuta sasa hivi, ngozi inalia mdomoni, alafu pembeni una hivi viazi laini vina utamu wa kitunguu, utakaa kimya mpaka sahani iishe.

Nataka kusema jambo moja mapema kabla sijaanza vipimo, maana wengi wanadhani siri iko kwenye chizi. Siri iko kwenye vitunguu. Chizi unaweza kuweka kidogo na chakula kikawa kitamu, lakini vitunguu ukiviharakisha hata uweke chizi kilo nzima utakuwa umekula viazi na chizi basi.

Vipimo vya watu sita mpaka nane: viazi kilo moja na nusu, vitunguu kilo moja (usishangae, vitasinyaa), chizi robo kilo, maziwa nusu lita, siagi au samli vijiko vitano vya chakula, unga wa ngano vijiko viwili, kitunguu saumu punje tatu, chumvi, pilipili manga, na kungumanga ya kukwangua kidogo sana, ncha ya kijiko.

Vitunguu. Menya, kata katikati, alafu kata slesi kwa kufuata urefu, kutoka kwenye mizizi kwenda kwenye shina, usikate duara. Ukikata duara vinavunjikavunjika na kuwa uji. Unene usiwe karatasi, ukikata vyembamba sana vinaungua kabla havijaiva. Weka sufuria nzito, zile wanazoyeyusha mafundi wa mtaani, hizi nyembamba za kung'aa zitakuunguzia hapo chini. Samli au siagi vijiko vitatu, vitunguu vyote, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, FUNIKA dakika kumi. Chumvi inatoa maji, na kitunguu kina maji mengi mno, karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo hapo mwanzo vinajichemsha vyenyewe. Ukifunua utaona vimelala. Sasa acha wazi, na moto upunguze.

Kupunguza moto wa mkaa ndio kazi. Mi natoa mkaa nabakiza vipande vitano sita, nafunga kimlango cha jiko, alafu namwagia majivu juu ya mkaa kama navifunika kulala. Moto unabaki mpole muda mrefu. Unakoroga kila dakika nne tano. Vikianza kushika chini usiogope, ile rangi ya kahawia inayogandia chini ya sufuria ndio utamu wenyewe, mwagia maji vijiko viwili, kwangua kwa mwiko, itarudi kwenye vitunguu. Utafanya hivyo mara nne tano. Rangi inatoka nyeupe, inakuwa kama chai ya maziwa, inakuwa asali, inakuwa asali ya zamani iliyokaa. Hapo simama. Dakika 50, mara nyingine saa nzima na zaidi. Ile kilo moja itakuwa imebaki kama kikombe kimoja na kidogo, na ukionja utasema kuna mtu kaweka sukari.

Ntaendelea na viazi, kuna mtu anapiga hodi.

Kijana wa Kibirizi

Shikamoo mama. Niko hapa nimevuta kigoda nasubiri viazi. Swali langu dogo, si ndio vitunguu vile vile vya pilau? Maana mi pilau nazijua, dakika kumi na tano vitunguu vimekuwa brauni.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Sio vile vile. Vya pilau unakaanga kwenye mafuta mengi moto mkali, vinapata rangi nje haraka, vinakuwa na ukali fulani na uchungu kidogo ambao kwenye pilau unafaa kabisa maana ndio unaleta rangi ya mchuzi. Hivi moto ni mdogo, mafuta machache, sukari ya ndani ya kitunguu inatoka taratibu na kuiva yenyewe. Kitunguu kina sukari jamani, hatuisikii kwa sababu ya ule ukali unaotutoa machozi, ukali ukiondoka na mvuke sukari inabaki. Ukionja vya pilau na hivi kwa pamoja utadhani ni mazao mawili tofauti.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Salaam kutoka Tabora. Huku kwetu asali ya miombo ipo, kwa nini nisiweke kijiko cha asali kwenye vitunguu nikamaliza kazi nusu saa? Na vitunguu tunapata vya Singida, vyekundu vile vikali, vinafaa au natafuta vyeupe?

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Kaka, vya Singida vinafaa sana, mi ndivyo natumia vikifika. Vile vikali mara nyingi ndio vina sukari ya kutosha, usidanganywe na ukali. Ila rangi itakuwa nzito zaidi, usishtuke.

Asali, mi siweki, na nakwambia kwa nini. Asali inaungua upesi kuliko kitunguu, ukiiweka mapema inakuwa nyeusi chini ya sufuria wakati vitunguu bado vigumu, na utapata utamu wa juujuu ambao sio wa kitunguu. Kama asali unayo na roho inaitaka, weka kijiko kimoja cha chai mwishoni kabisa, vitunguu vishaiva, pamoja na matone ya siki au ndimu, koroga dakika moja toa. Hapo inapendeza. Lakini isiwe ya kukimbizia muda. Wengine wanaweka chembe ya bekingi soda ili rangi ije haraka, na kweli inakuja, nusu ya muda, ila vitunguu vinalainika mpaka vinakuwa kama jamu na ukizidisha kidogo tu unasikia ladha ya sabuni. Kama una wageni mlangoni fanya, kama una muda usifanye.

Haya viazi.

Kwanza chagua. Kuna kiazi cha unga na kiazi cha kunata. Cha unga kikiiva kinapasuka, kinafaa kuponda. Cha kunata kinashika umbo lake. Kwa chakula hiki nataka cha katikati, au nichanganye. Mtu wa sokoni hawezi kukwambia kila mara, na viazi vyetu vingi vinakuja na malori kutoka Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Njombe huko, vikifika vimechanganyika kwenye gunia. Kuna njia ya kupima: maji vikombe 11, chumvi kikombe 1, koroga, tumbukiza kiazi. Cha unga kinazama, cha kunata kinaelea. Mi nilifanya nikiwa na wanangu jikoni, walipiga makofi.

Kiazi chenye kijani kwenye ganda usikichukue. Kimekaa kwenye mwanga, na penye kijani pana sumu inaitwa solanini, ina uchungu na inaumiza tumbo. Kama ni doa dogo kata kwa kina utupe, kama kiazi kizima kimekuwa kijani tupa chote. Wanaouza kwa fungu juani mchana kutwa ndio vyao vinafanya hivyo, kwa hiyo nunua sado kutoka gunia lililofunikwa.

Menya, kata slesi unene wa shilingi mia mbili mbili zikibebana. Usivioshe baada ya kukata! Hapa watu wanakosea. Kwenye chipsi tunaosha ili wanga utoke, hapa ule wanga tunautaka, ndio unasaidia sosi ishike. Kwa hiyo osha kiazi kizima, kata, weka moja kwa moja kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, dakika tano, sita. Viive nusu, kisu kipite kwa shida kidogo. Mwaga maji, acha vikauke mvuke.

Sosi: siagi vijiko viwili, unga vijiko viwili, koroga kwenye moto mdogo dakika mbili unga usiwe mbichi, maziwa ya uvuguvugu kidogo kidogo huku unakoroga, ukimaliza nusu lita ichemke polepole mpaka ishike mgongo wa kijiko. Kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, pilipili manga, kungumanga. Chizi nusu yake weka humu ndani baada ya kuipua, sio ikiwa inatokota.

Paka sufuria siagi. Tabaka la viazi, tabaka la vitunguu, sosi. Tena viazi, vitunguu, sosi. Juu malizia na viazi, sosi ya mwisho, alafu chizi iliyobaki umeikwangua kwenye kile cha kukwangulia karoti.

Kuoka bila oveni aje fundi wetu aeleze, maana yeye ndio alinifundisha.

Fundi Jiko Ujiji

Asante mama kwa kunikumbuka. Wakuu, mi natengeneza majiko hapa Ujiji na mke wangu anaoka keki za kuuza, kwa hiyo hii nimeona kwa miaka. Sufuria kubwa, chini weka mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, au mawe madogo bapa matatu. Sufuria yenye chakula inakaa juu ya mchanga, isiguse pembeni. Funika na mfuniko wa bati ulio bapa, hizi za kuvimba mkaa unaporomoka. Chini mkaa kidogo, juu ya mfuniko mkaa mwingi. Mkaa ukiugawa mafungu matatu, moja chini mawili juu. Kwa sababu moto wa chini unapanda wenyewe, wa juu haushuki kirahisi, kwa hiyo ukilinganisha sawa chini kutaungua na juu kutabaki kweupe.

Pasha hiyo sufuria na mchanga kwanza dakika 15 kabla hujaingiza chakula. Unajuaje imefika? Nyunyiza unga wa ngano chembe kwenye kisahani weka ndani, dakika tano ukiwa rangi ya biskuti moto uko sawa, ukiwa mweusi punguza, ukiwa bado mweupe subiri. Na usifunue funue. Kila ukifunua umepoteza moto wa dakika kumi.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Hapo umemaliza fundi. Kwa hivi viazi dakika 40 zinatosha maana viliiva nusu. Dakika 30 za kwanza mkaa wa juu uwe wa wastani, kumi za mwisho ongeza wa kuwaka juu ili chizi ipate yale madoa ya kahawia. Alafu ukitoa, na hapa naomba sana, ACHA VITULIE dakika 15. Ukipakua saa hiyo hiyo sosi inakimbia sahani nzima na viazi vinateleza. Vikitulia vinashikana, unakata kipande kama keki.

Wifi wa Kasulu

Mama mi nakuja na kilio changu. Nilijaribu kitu kama hiki sikukuu iliyopita, chizi nilitengeneza mwenyewe, maziwa fresh nikakamulia ndimu. Haikuyeyuka!! Ilikaa pale juu vilevile nilivyoiweka. Nikadhani moto mdogo nikaongeza mkaa ikakauka kabisa ikawa kama chaki. Nilikosea nini?

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Wifi yangu pole, na hili limenikuta mimi mwenyewe kwa hiyo nakueleza nikiwa na uchungu wake. Mara yangu ya kwanza nilichukua maziwa lita tano, nikayachemsha, ndimu, yakakatika, nikachuja kwa kipande cha kanga, nikafunga nikaning'iniza, nikapata bonge jeupe zuri la zaidi ya nusu kilo. Nikajiona nimefika. Nikaweka juu ya viazi, nikapalia mkaa, nafunua baada ya saa nzima, limekaa kama mawe ya chokaa. Wageni wakala kwa heshima. Nikalala na swali.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba hukukosea kupika, ulikosea aina. Chizi ya ndimu au siki HAIYEYUKI, hata uichome. Asidi inaondoa kalsiamu ile inayoshikilia protini za maziwa kwa ulegevu, protini zinabanana zenyewe kwa zenyewe, ukizipasha zinatoa maji na kukauka tu. Chizi inayoyeyuka ni ile iliyogandishwa kwa renneti, kile kimeng'enya cha tumbo la ndama (siku hizi wanatengeneza hata kisichotoka kwa ndama), ile kalsiamu inabaki ndani, ikipata joto zile kamba za protini zinalegea na kuteleza. Ndio maana gauda inayeyuka, cheda inayeyuka, mozarela inavutika, na ya ndimu inakutazama tu.

Sasa ya ndimu usiitupe. Ivunjevunje ichanganye KATIKATI ya matabaka pamoja na vitunguu, na chumvi, hapo inakuwa kama vipande laini vya maziwa na ni tamu kweli. Juu weka hata gramu mia tu za ile inayoyeyuka. Hivyo ndivyo mi nafanya pesa ikiwa ndogo.

Wifi wa Kasulu

Jamani kumbe! Nimelaumu mkaa bure. Asante mama.

Kijana wa Kibirizi

Sa hiyo inayoyeyuka Kigoma tunaitoa wapi, na bei je? Maana nikiangalia robo kilo ya chizi na bei ya kilo ya migebuka naona hiki chakula ni cha wenye nazo.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Swali la haki. Robo kilo kwa watu wanane ni kama gramu thelathini kila mtu, na sio chakula cha kila siku, ni cha Jumapili moja moja na sherehe. Na ukifanya ile ya kuchanganya na ya ndimu gharama inashuka sana maana maziwa tunayo.

Ila nitoe tahadhari maana niliumia. Kuna siku nilinunua pakti dukani, duka sitalitaja, imeandikwa kwa mbele herufi kubwa na picha ya chizi inavutika. Nilipofika nyumbani ndio nikasoma nyuma: maji, mafuta ya mawese, wanga, chumvi. Maziwa hamna. Iliyeyuka ndio, ikawa kama gundi na ladha ya plastiki. Sisi ni watu wa Kigoma, mawese tunayo kwenye dumu nyumbani, sina sababu ya kuyanunua yakiwa yamevaa jina la chizi. Soma nyuma ya pakti kabla hujalipa, kitu cha kwanza kiwe maziwa.

Ya kweli mi napata kwa njia mbili. Njombe wanatengeneza jibini nzuri, ukiwa na ndugu Dar anakununulia anakutumia kwa basi, chukua ile ngumu sio ile laini ya kwenye maji, ifungwe karatasi alafu kitambaa, safari inavumilia. Njia ya pili ni mdogo wangu anayefanya biashara ya vitenge Kongo, huwa ananibebea ya Masisi.

Mwana wa Uvira

Mama umegusa kwetu! Jibini ya Masisi ndio yenyewe, sisi tunaiita fromaji. Inatoka kwenye milima ya Masisi huko Kivu ya Kaskazini, ng'ombe wanakula majani ya milimani kwenye baridi, inakuja duara zima kama gurudumu dogo, ganda la njano. Inafanana na gauda na inayeyuka vizuri. Kwetu tunaikata vipande tunakula na ndizi au na mkate, hii ya viazi sijawahi, ntajaribu. Ushauri mmoja, ikianza kutoa ukungu juu usitupe, ikiwa ni ile ngumu kata sehemu yenye ukungu na kidole kizima kuingia ndani, iliyobaki ni nzima. Laini ndio tupa yote.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Umenisaidia kaka yangu, hilo la kukata kidole kizima nilikuwa nakata juujuu tu. Karibu sana Kigoma.

Bibi Mawese

Wajukuu, mi nina neno. Mnaweka siagi, mnaweka samli, mawese ya Kigoma mmeyaacha wapi? Vitunguu vya mawese mbona vitamu toka enzi.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Shikamoo bibi. Nimeyajaribu, sikuyaacha kwa dharau. Mawese mekundu yana ladha yake nzito, kwenye maharage na kisamvu hakuna kama yenyewe, lakini yakikutana na maziwa na chizi yanagombana, kila mmoja anataka kusikika. Nilichoona kinafaa ni kijiko KIMOJA cha mawese ndani ya samli vijiko viwili, vitunguu vinapata rangi ya machungwa nzuri sana na harufu ya nyumbani kwa mbali. Zaidi ya hapo hapana. Kama utapika bila chizi wala maziwa, viazi na vitunguu na mawese na dagaa tu, hapo bibi weka yote.

Bibi Mawese

Marahaba mjukuu. Kijiko kimoja nimekubali. Na dagaa je, mbona hata humu hujaweka dagaa, Kigoma gani hii.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Bibi umenifurahisha maana hilo nililiweka mwisho makusudi. Waswidi wana chakula chao cha Krismasi kinaitwa Janssons frestelse, ni viazi vilivyokatwa vijiti, vitunguu, krimu, na ndani visamaki vidogo vya kuloweka vya chumvi na viungo, vinaokwa pamoja. Visamaki vidogo na viazi na maziwa! Nilipojua hivyo nikasema sisi watu wa ziwa tumechelewa. Nikachukua dagaa wetu wakavu wa Ziwa Tanganyika, wale wasafi wasio na mchanga, nikawatoa vichwa, nikaosha na maji ya moto mara mbili, nikawakaanga kidogo mpaka wakanukia, nikawatawanya katikati ya matabaka, kiganja kimoja tu kwa sufuria nzima. Chumvi kwenye sosi nikapunguza nusu. Mume wangu, ambaye chizi haimwingii kabisa, aliongeza sahani.

Kijana wa Kibirizi

Hapo sasa umenipata mama. Dagaa ninao.

Binti wa Mwandiga

Samahani mama, sosi yangu huwa inakatika inakuwa vipande vipande na maji. Na mi natumia gesi sina mkaa.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Kukatika mara nyingi ni mambo haya: maziwa yameanza kuchacha hujajua (onja kwanza, hasa ya jana), au umeweka chizi sosi ikiwa inatokota, au umeruka unga ukamwaga maziwa matupu kwenye moto mkali. Unga ndio unayalinda maziwa, usiuruke. Na mtindi usijaribu kuweka badala ya maziwa, ule una asidi tayari.

Kwa gesi fanya hivi. Sufuria kubwa na mchanga ile ile ya fundi, moto mdogo kabisa, funika. Viazi vitaiva vizuri ila juu havitakuwa brauni. Kwa hiyo mwishoni jirani akiwa na mkaa omba vipande vichache weka juu ya mfuniko dakika kumi. Kama hakuna, nyunyiza chizi kwenye kikaango kikavu moto wa wastani, itayeyuka na kukauka iwe kama chapati nyembamba ya kahawia, igeuzie juu ya viazi wakati wa kupakua. Mi naipenda hata kuliko ya mkaa, inavunjika kama kachori ya nje.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Narudi na majibu. Nimepika jana hapa Tabora, vitunguu vya Singida kilo moja, samli ya wafugaji, sikuweka asali mpaka mwisho kama ulivyosema, kijiko cha chai. Dada yangu alikuwa ananipitia jikoni anasema unachezea kuni, saa nzima vitunguu tu. Nilifikia dakika ya 40 nikataka kutoa, nikaonja, bado vina ukali kwa mbali, nikarudisha. Dakika ya 65 ndio vikawa. Kitu kimoja sikuelewa, tabaka la chini kabisa viazi vilikuwa vigumu kidogo wakati vya juu vimeiva sana.

Fundi Jiko Ujiji

Mkuu sufuria ya ndani uliiweka juu ya mchanga au juu ya sufuria yenyewe? Na mchanga uliupasha?

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Juu ya mchanga, sikuupasha. Niliingiza chakula na mchanga wa baridi.

Fundi Jiko Ujiji

Ndio hapo. Mchanga wa baridi unakula moto wote wa chini dakika 20 za mwanzo, wakati mkaa wa juu unafanya kazi toka dakika ya kwanza. Upashe kwanza, hata dakika 20 kama unene ni mkubwa.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Na pia kaka angalia slesi za chini, mtu akiwa anakata mwanzoni anakata nene, mkono ukizoea anakata nyembamba, na zile za mwanzo ndio anazipanga chini. Mi nazichanganya kwanza kwenye beseni ndio napanga. Kilichobaki kesho yake kipashe kwenye kikaango kwa samli kidogo, upande mmoja mpaka ushike rangi, ule na chai ya asubuhi.

Kijana wa Kibirizi

Mama vitunguu viko jikoni hapa, dakika ya 25, rangi ya chai ya maziwa. Vimeanza kushika chini.

Mama wa Gungu (mleta uzi)

Maji vijiko viwili, kwangua. Na ongeza majivu kidogo kwenye mkaa.